Shule Isiyo na Ukuta

Tuse mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kunyolewa nywele, na nyumba imenyamaza ghafla mpaka nasikia honi za malori kule barabara kuu. Nimeona niitumie nafasi hii. Unanijua baba yako. Nikikukalisha chini nikuambie jambo la maana, sentensi ya pili naanza utani, ya tatu mama yako anacheka, ya nne jambo lenyewe limeshapotea. Karatasi haicheki, kwa hiyo leo nitafika mwisho.

Mambo ya sabuni, ya kuanika shuka, ya kutoazimisha ndala, mama yako ameyasema wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Ninaandika kwa ajili ya neno moja unalolisubiri na ambalo sijalitamka. Tangu majina ya kidato cha tano yatoke, ukaonekana umepangiwa bweni kule Njombe, mtaa mzima umekupongeza ila mimi. Mimi nilisema tu, "Tutaona." Mama yako amefungasha tranka kana kwamba nimeshakubali. Godoro limeviringishwa, tiketi ipo, basi linaondoka kesho asubuhi. Wewe hujaniuliza tena, unanitazama tu mezani kwa pembe ya jicho, na mimi najifanya nachambua miba ya samaki. Unataka kujua kama utaondoka na baraka zangu au na mnuno wangu. Una haki ya kujua.

Sababu ya mnuno unaijua. Uliponionyesha picha ya shule hiyo kwenye simu, swali langu la kwanza lilikuwa, "Ukuta uko wapi?" Ukanijibu kwamba haina ukuta, ina michongoma. Nikasema shule isiyo na ukuta ni mnada. Ukacheka mpaka ukakaa chini sakafuni, na mama yako naye akakufuata, kwa sababu katika Tunduma nzima mimi ndiye mtu wa mwisho kuruhusiwa kutamka neno ukuta mbele yako.

Ngoja niisimulie mwenyewe habari ile. Ulikuwepo, lakini wewe ukiisimulia kwa shangazi zako unanionea.

Ulikuwa kidato cha pili kwenye shule yetu ya kutwa, pale kando ya barabara kuu. Sisi wazazi tulikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya kijinga. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ikishika, madereva wanalala palepale siku na siku, wanapika, wanafua, wanazungumza na kila anayepita. Wachuuzi wanakatiza uwanja wa shule, bodaboda wanaufanya njia ya mkato, na watu wasiojulikana wanakaa chini ya madirisha ya darasa kusubiri kivuli. Kwetu sisi wazee salama ilikuwa na maana moja tu: wa nje asiingie. Mzee Shabani mwenye malori, babu yake rafiki yako Zuhura, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Akasimama akasema, "Jamani, tujenge ukuta." Watu wote wakanigeukia mimi, fundi uashi.

Sitakuficha, nilifurahi kupita kiasi. Nimejenga nyumba za watu, nimejenga maduka, nimejenga hata choo cha mpakani, lakini nilikuwa sijawahi kujenga kitu ambacho mwanangu atakiona kila siku asubuhi. Wazazi walibeba tofali, akina mama walichota maji, vijana walikoroga zege wakiimba. Ukuta ukasimama umenyooka. Kila nilipoweka pimamaji, povu lilitulia katikati bila kubishana. Juu nikapanga vipande vya chupa, nilivyovikusanya kwenye baa za hapa na za kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, vya kijani na vya kahawia, jua likipiga vinang'aa. Na geti nikalielekeza barabara kuu, ili kila apitaye aone. Nikapendekeza pia, na kwa sauti kubwa, kwamba lifungwe mapema na lisifunguliwe kwa mchelewaji yeyote, maana nidhamu ndiyo usalama.

Siku ya kuuzindua ukuta ulinishika mkono mbele ya wenzako. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka.

Baada ya muda mwalimu mkuu wenu akaitisha kikao cha wazazi na wanafunzi pamoja. Yule mama ana akili za utulivu. Alitukalisha wazazi kwenye madawati yenu, magoti yamebanwa, akawaambia ninyi msimame mbele mseme ni nini kinachowafanya mjisikie salama shuleni. Mimi nilikaa mstari wa kwanza. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, Tuse. Nilikuwa nimekuja kusifiwa.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo hata sauti haijakomaa. Akasema, "Mimi naogopa choo. Mlango hauna komeo kwa ndani." Akakaa. Binti mwingine akasema saa nane tumbo likiuma kwa njaa, anayekununulia chipsi unamwona ndugu, hata kama si ndugu. Kuna aliyesema anajisikia salama kwenye somo la Jiografia tu, kwa sababu mwalimu wa Jiografia anamwita kwa jina lake. Wengine wote humwita "wewe wa nyuma." Nikawa nasubiri zamu ya ukuta. Nikajikohoza kidogo, labda wamesahau.

Ndipo Zuhura akasimama. "Ukuta ni mzuri, mafundi tunawashukuru. Ila geti likishafungwa, sisi tuliochelewa tunabaki nje na malori. Tunakaa hapo mpaka saa nne. Zamani tulikuwa tunachapwa, lakini tulikuwa ndani."

Na wewe, damu yangu, ukasimama nyuma yake, ukamalizia, "Baba, umewafungia nje watu wasiojulikana, na sisi umetufungia nao."

Mzee Shabani aliinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Mimi nikasimama nikajibu, na majibu yangu nayakumbuka vizuri, ni aibu tupu. Nilisema dawa ni kuwahi. Nilisema enzi zetu hatukuwa na anasa ya kuchelewa. Mwalimu mkuu akanishukuru kwa upole uliozidi, na nyumbani hatukusemeshana mpaka mama yako alipotishia kutotupikia.

Unajua kilichonibadilisha? Si maneno yenu. Mimi maneno hunipita, mpaka niguse kitu kwa mkono. Asubuhi moja nikaamua kukusindikiza ili nikuthibitishie kwamba kuwahi kunawezekana. Tuliondoka nyumbani mapema kabisa. Foleni siku hiyo ilikuwa imeziba mpaka njia za pembeni, tukawa tunapenya kati ya matairi marefu kuliko wewe, tukisimama kila lori linapojisogeza, tukirudi nyuma, tukizunguka. Dereva mmoja wa Zambia akanisalimia kutoka juu, "Mulishani, ba tata!" nami nikamjibu huku nimebana pumzi. Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa.

Nikagonga. Mlinzi akachungulia. Alikuwa kijana niliyemtafutia kazi ile mwenyewe.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Fungua, bwana."

"Siwezi, fundi. Ulisema mwenyewe kikaoni, asifunguliwe yeyote. Nikikufungulia wewe nitawaambia nini hawa?"

Nikageuka kuwaona hao hawa. Wenzako walikuwa wameketi wamejibanza kwenye ukuta wangu, sare safi, mabegi magotini, na mbele yao utingo mmoja anawauliza majina huku anatabasamu. Zuhura alikuwa amewapanga wadogo katikati na wakubwa pembeni. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Nilikuwa nimejenga kila kitu kwa kipimo, ila sikuwa nimesimama hata siku moja upande huo wa nje wakati geti limefungwa.

Mtu mwenye busara angeomba radhi akaenda zake. Mimi nikaamua kupanda ukuta. Nilifikiri nikiingia ndani nitamfuata mwalimu mkuu na mambo yataisha. Mlinipandisha wenyewe, mguu kwenye mikono ya wavulana, na nikafika juu vizuri tu, nikasahau chupa. Suruali ilipasuka kuanzia hapa mpaka pale unapopajua. Nikabaki nimening'inia, fundi mzima, siwezi kwenda mbele wala kurudi, na nyuma yangu malori yakaanza kupiga honi, moja, mbili, kisha foleni yote mpaka mpakani, nadhani hata Nakonde walisikia. Mlicheka! Watoto waliokuwa wamejikunja kwa woga walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. Yule utingo alicheka mpaka akasahau alichokuwa anauliza. Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akaniangalia, akasema, "Baba Tuse, na wewe umechelewa?"

Jioni hiyohiyo nilichukua tindo na nyundo.

Hapo ndipo mlinifundisha kazi yangu. Nilitaka kutoboa mlango karibu na geti, mkakataa. Mkanipeleka upande wa nyuma, kwenye mashamba ya mahindi, inakokuja njia ya miguu kutoka mitaani kwetu, njia isiyogusa barabara kuu hata kidogo. Mimi nimeishi mji huu tangu hujazaliwa na sikuwa naijua njia ile, kwa sababu ni njia ya watoto. "Weka hapa, baba. Usiweke kufuli. Weka benchi kwa ndani, anayechelewa akae aandikwe jina, aingie darasani." Kila mmoja alikuwa na lake. Yule mdogo wa kidato cha kwanza alinifuata nyuma kimya mpaka nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Komeo, fundi." Tulianza na komeo. Niliyafunga kwenye milango yote ya vyoo, na kila nikimaliza moja anaingia, analifunga, analifungua, anatoka anacheka.

Siku tulipobomoa ule ukuta kufungua kimlango ilikuwa na furaha kuliko siku ya kuuzindua, na sijui kama niliwahi kukuambia hivyo. Mzee Shabani alileta gunia la mchele akasema kuanzia sasa malori yake hayatapita shuleni mikono mitupu. Mama yako na wenzake wakawasha mafiga. Wavulana walipokezana nyundo, Zuhura akapiga pigo la mwisho, tofali zikaanguka na upepo wa mahindi ukaingia ukatupiga usoni. Nikaweka linta juu ya uwazi, nikapiga lipu, nikaacha pembe za mviringo ili wadogo wakikimbia wasichubuke. Ile ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote, Tuse, na nusu yake ni shimo.

Nimejiuliza sana kwa nini niliamini ukuta kiasi kile. Mimi nilisoma kule Ileje, milimani, shule haikuwa hata na milango. Tulikuwa tunatembea mabonde mawili kila asubuhi, kundi zima, na aliyekuwa na sauti nzuri anaanzisha wimbo. Tukipita penye msitu tunaimba kwa nguvu zaidi. Siku niliyougua malaria njiani walinibeba kwa zamu. Hakuna mahali nilipowahi kujisikia salama kama kwenye mstari ule wa watoto. Woga ulikuwa unanisubiri darasani, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akikohoa tu, sisi tunasahau hata majina ya mama zetu. Nililijua hilo tangu nikiwa na meno ya utoto. Kisha nikawa baba, nikakupata wewe, nikasahau yote nikaanza kununua saruji. Kukupenda kulinifanya mjinga kidogo, na sijutii sana.

Kumbuka pia kwamba nilikupakia kwenye baiskeli kwenda shule mpaka darasa la tano, miguu yako inaburuzika chini, wenzako wanaimba "mgonjwa, mgonjwa." Uliniomba niache ukiwa darasa la tatu. Mimi husikia, ila sauti hunifikia ikiwa imechelewa kama mizigo ya forodhani. Ukiwa huko ukaniambia jambo kwenye simu nikalijibu kijinga, usikate tamaa ukanyamaza. Rudia. Siku ya pili rudia tena. Nitafika.

Sasa nikuambie usichokijua, na mama yako pia hakijui. Juzi nilipoaga kwamba naenda Mlowo kuangalia kazi na nikalala hukohuko, sikwenda Mlowo. Niliomba lifti kwenye lori la Mzee Shabani nikaenda Njombe. Nilikwenda kutafuta sababu ya kukukatalia. Nasema ukweli wote leo, kwa kuwa hampo.

Baridi ya kule, mwanangu! Niliteremka nimevaa kaushi na shati, nikatetemeka mpaka shuleni. Michongoma niliiona. Nikaikagua kwa dharau. Ofisini walinipokea vizuri, wakanionyesha maabara, wakanionyesha vikombe vya michezo. Nikataka kuuliza habari ya ukuta, nikakumbuka suruali yangu. Basi nikaaga, nikazunguka nyuma mpaka bombani, nikawakuta dada zako wa kidato cha sita wanafua.

Wakaniamkia. Nikajieleza kwamba mimi ni mzazi kutoka Tunduma, nina binti anayekuja kidato cha tano. Nikauliza, "Hapa mnajisikiaje? Mko salama?"

Mmoja mfupi, anaitwa Rehema, akakamua sketi yake taratibu akasema, "Baba, unauliza kama mgeni rasmi au kama mzazi?"

"Kama mzazi."

"Basi kaa."

Nikakaa juu ya ndoo. Wakaniambia. Vyoo vina komeo, nikashusha pumzi. Matroni hubisha hodi kabla ya kuingia bwenini. Mtu akiugua haendi peke yake zahanati, mwenzake wa kitanda cha jirani analazimika kwenda naye, hiyo wamejiwekea wenyewe. Kila mgeni anapewa dada mmoja wa kumzoesha, na ukimcheka mgeni kwa lafudhi yake unaosha sufuria. Kisha wakatazamana, nikajua yapo mengine. Nikangoja. Siku hizi najua kungoja kidogo.

"Njia ya kutoka prepo ya usiku mpaka bwenini ni giza," akasema Rehema. "Tunatembea tumeshikana mikono, lakini ni giza. Tuliomba taa muhula uliopita, tukaambiwa zinakuja. Na kuna mwalimu mmoja anapenda kututania maumbile mbele ya wavulana. Tumelipeleka kwa mkuu, ameitwa, amepunguza. Hajaacha."

Mikono ikaanza kuniwasha. Nikasema, "Mngekuwa na ukuta..."

Walicheka wote kwa pamoja, Tuse, kicheko kilekile. "Ukuta wa nini, baba? Giza liko ndani. Sisi tunataka taa."

Nikasema ningeweza kurudi na vijana wangu, nichimbe mashimo ya nguzo, nifanye hivi, nifanye vile. Rehema akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akauliza, "Mwanao anaogopa kuja?"

"Hapana. Ameshafungasha."

"Ni wa kunyamaza?"

Hapo nilicheka mimi. Niliwasimulia kikao, madawati, shati langu jeupe. Niliwasimulia geti na chupa. Nilisimama nikawaonyesha nilivyoning'inia, mzee mzima kwenye bomba la wasichana, na walipiga mikono kwenye maji mpaka nikalowa. Rehema akajifuta machozi kwa sketi iliyokuwa imeshafuliwa.

"Tuletee huyo," akasema. "Sisi wa kudai taa tunamaliza shule mwakani. Tunahitaji atakayebaki anadai."

Nilirudi kwenye lori nikiwa na hofu ileile niliyokwenda nayo, nisikudanganye. Ile njia ya giza nimeiota. Nikimfikiria yule mwalimu nasaga meno. Lakini niliondoka hapa nikiuliza kama shule ile ina kitu cha kukuzunguka wewe, na sasa najua ina watu wanaokungoja, na hao sikuwajenga mimi wala siwezi kuwajenga.

Nasikia sauti zenu mlangoni kwa jirani, mama yako anajisifu jinsi kichwa chako kilivyo na umbo zuri. Nimalize.

Kuna jambo moja sijakuandikia kuhusu pale bombani. Nilipokuwa naondoka, Rehema alinikimbilia mpaka kwenye michongoma, mikono bado ina povu. Akasema kitanda kilicho karibu na chake kiko wazi, na angetaka kukishikilia, ila matroni haruhusu kushikilia kitanda kwa mtu ambaye haijulikani kama atakuja. "Kwa hiyo nimwambieje, baba? Anakuja au haji?"

Ulikuwa hujaniuliza kwa siku nyingi. Mama yako naye alikuwa amechoka kuniuliza. Nikamjibu yeye, msichana nisiyemjua, pale pale kwenye michongoma:

"Anaitwa Tusekile. Anakuja."

Baba yako